Nyumba karibu na masomo: historia ya kupanga nyumba Lubunga

Kila mwaka, mwezi wa munane ukifika, maombi yanayoletwa kwa chama chetu yanabadilika. Mbele ya hapo watu wanaomba mbegu, majembe, mabati, dawa. Mwezi wa munane wanaomba nyumba, na si nyumba yoyote. Wanasema: "Mutusaidie tupate nyumba karibu na masomo, juu batoto banaanza mwezi wa kenda."

Basi tunaenda nao. Tunapiga hodi kwenye parsele, mwenye nyumba anatoka, tunasalimiana vizuri. Kisha anauliza maswali mawili mbele ya kutaja bei. La kwanza: "Mama, batoto wako ngapi?" La pili: "Na mulikuwa munakaa wapi mbele ya vita?" Swali la kwanza ni juu ya choo, maji na kelele. Swali la pili, kila mtu wa Lubunga analijua, ni juu ya kabila. Mara nyingine, jibu likishatoka, tunaambiwa kumbe nyumba ilichukuliwa jana.

Kuna wafadhili waliotuuliza kwa nini tunatia pesa katika garanti ya nyumba, na si katika mabashi na masufuria peke yake. Ni swali la haki. Kwa kulijibu imetubidi turudi nyuma sana, maana shida hii haikuanza na vita vya juzi. Ni ya tangu treni.

Ngambo ya kushoto

Kwa ninyi msiofika kwetu: mji wa Kisangani una komini 6. Tano ziko ngambo ya kuume ya mto Kongo: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani. Lubunga peke yake iko ngambo ya kushoto. Daraja hakuna. Tunavuka kwa pirogi, ya kasia ao ya motere, na mvua kubwa ikianza tunangojea kwenye bichi mpaka ipite. Soko kubwa, hospitali kubwa, benki, ofisi za jimbo, vyote viko ngambo ile.

Mtu mzima anaweza kuvuka asubuhi na kurudi jioni akiwa na pesa ya pirogi. Mtoto wa miaka 7 hawezi kufanya hivyo kila siku, na mama anayeuza makala hawezi kumlipia mara mbili kwa siku, siku sita kwa juma. Hivi mtoto wa Lubunga anasoma Lubunga, ao hasomi. Na hapa kwetu barabara zinaenda mbali: moja inafuata njia ya Ubundu, nyingine njia ya Opala, na watu wengi wana mashamba yao kilometa nyingi ndani ya pori. Baba analima kule, mtoto anahitaji kulala karibu na darasa. Kwa sababu hiyo, hata mbele ya vita, familia nyingi zilikuwa na nyumba mbili: moja ya shamba, na chumba kimoja cha kupanga katika kartiye.

Nyumba ya kazi

Lubunga tunayoijua ilikua juu ya treni. Kutoka Kisangani kupanda mto kuna maporomoko saba ya Boyoma, na mashua haiwezi kupita. Wagenya walijua kuishi na maji yale kwa mitego yao ya samaki, lakini mizigo ilibidi ibebwe kwa vichwa. Katika mwaka wa 1902 Wabelgiji waliunda kampuni ya reli ya Maziwa Makubwa, CFL, na mwaka wa 1906 njia ya kwanza ilifunguliwa kutoka hapa mpaka Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Ni kilometa 125 hivi. Gare iliwekwa ngambo ya kushoto. Mashua kubwa kutoka Léopoldville zilifika ngambo ya kuume, mzigo ukavushwa, ukapanda treni kwetu, ukaenda Ubundu, kisha mashua tena mpaka Kindu.

Kazi hiyo ilitaka watu: wa kupakia, wa kukata kuni, wa kutengeneza njia, makarani, mafundi. Kampuni za wakati ule zilijenga makambi kwa wafanyakazi wao. Nyumba ilikuwa ya kazi. Ulipopata kazi ulipata nyumba, ulipofukuzwa ulitoka na godoro lako. Hakuna aliyetafuta nyumba kwa kupiga hodi. Waliokuja bila kazi ya kampuni walijenga kwa udongo na majani pembeni, kwa ruhusa ya wenye udongo.

Shule nayo ilikuwa vilevile. Tangu miaka ya 1920 serikali ya koloni ilitoa pesa kwa misioni kwa kufundisha, na kwa muda mrefu shule ya mtu mweusi ilikuwa shule ya misioni. Shule za serikali zisizo za dini zilianza kufunguliwa kwa Waafrika mwaka wa 1954. Shule iliwekwa pale watu walipo wengi, na watu walikuwa wengi karibu na kambi. Kwa hiyo mtoto wa karani wa treni alitoka mlangoni akafika darasani kwa miguu yake. Mtoto wa mkulima wa kilometa ya 20 alikaa kwa mjomba wake mjini, ama alibaki shambani.

Tunaomba jambo hili likumbukwe: kwetu Lubunga, nafasi ya darasani ilikwenda pamoja na nafasi ya kulala. Wazee wetu hawakusema "tulipeleka mtoto shule fulani". Walisema "tulimpeleka mtoto kwa fulani". Kulikuwa na jamaa, ndiyo maana kulikuwa na shule.

Kukimbia na kurudi

Sisi si watu wa kwanza wa Lubunga kukimbia na kurudi. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka wa 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliingia Stanleyville na kuchukua ngambo ya kuume. Ngambo yetu ilibaki mikononi mwa Simba, na siku zilizofuata watu waliokuwa wameshikwa, misionari kati yao, waliuawa hapa. Raia wengi walikimbilia pori. Katika mwaka wa 1966, na tena wa 1967, maasi ya askari yalitikisa Kisangani. Kila mara watu walirudi, na kila mara walirudi kwa ndugu: parsele moja, familia tatu, na watoto wote katika shule moja.

Kisha mambo mawili yalibadilika polepole. La kwanza ni udongo. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali. Katika karatasi jambo liko wazi. Katika maisha, mtu wa Lubunga aliendelea kununua fasi kwa mkubwa wa kabila, wakati mwingine akapata karatasi ya ofisi juu yake, mara nyingine hapana. Makosa ya leo yamelala pale. La pili ni kazi. Treni ilianza kuchoka, ikapita siku nyingi bila kutembea, na nyumba ya kazi ikakosa kazi nyuma yake. Watu waliobaki na nyumba walianza kugawa vyumba na kupangisha. Hapo ndipo mwenye nyumba wa Lubunga, tunayemjua leo, alizaliwa. Mara nyingi si tajiri. Ni mjane ama mzee aliyestaafu bila pensheni, anayekula kwa chumba kimoja anachopangisha.

Shule nazo zilipita mikono. Serikali ilizichukua kwa misioni mwaka wa 1974, ikazirudishia usimamizi kwa makanisa kwa mapatano ya tarehe 26 mwezi wa 2 mwaka wa 1977. Lakini mishahara ya walimu ilianguka, na kutoka miaka ya 1990 wazazi ndio waliolipa walimu, kwa ile pesa iliyoitwa prime. Wazazi wa rika letu wanaijua vizuri sana. Mtoto alirudishwa nyumbani saa mbili ya asubuhi juu ya prime.

Miaka ya vita vya watu wengine

Mwaka wa 1997 njia yetu ya treni ilijulikana dunia nzima kwa ubaya. Wakimbizi Wanyarwanda waliotoka Tingi-Tingi walifika kwenye njia ya Ubundu, wakakaa Kasese na Biaro, kati ya kilometa 25 na 41 kutoka kwetu. Wengi waliuawa, wengi walikufa kwa njaa na ugonjwa. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka ule, treni iliyowaleta kutoka Biaro kwa kurudishwa kwao ilifika Kisangani ikiwa na maiti 91 ya watu waliokosa hewa na kukanyagwa ndani ya behewa. Sisi tulioona gare siku zile, hatulitumii neno "kurudisha watu" kwa urahisi.

Kisha ikaja vita ya Rwanda na Uganda ndani ya mji wetu: mwezi wa 8 mwaka wa 1999, mwezi wa 5 mwaka wa 2000, halafu siku sita, tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa 6 mwaka wa 2000. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa. Wakati ule wengi wetu tulipokea ndugu kutoka ngambo ile. Tulikuwa wenyeji, tukakunja mikeka, tukawapa fasi.

Wengine wenu mnatuuliza kama pesa ya FRIVAO inaweza kulipa nyumba za waliorudi. Tujibu wazi. Mwezi wa 2 mwaka wa 2022, Korti ya Haki ya Kimataifa iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na kati yake milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa. FRIVAO ni mfuko uliowekwa kwa kugawa malipo hayo kwa wahanga wa vita ile. Aliyepoteza nyumba Lubunga mwaka wa 2023 hayuko katika kesi hiyo. Tusimpe mtu matumaini ya uongo.

Mwaka wa 2023

Mwezi wa 2 mwaka wa 2023, mabishano juu ya udongo uliotolewa kwa kampuni ya kilimo yaligeuka vita kati ya Wambole na Walengola. Hatutaandika hapa nani alianza. Chama chetu kina Wambole na Walengola na watu wa makabila mengine, na kila mmoja ana kaburi lake. Tuseme tu yale ambayo wote tunakubaliana: watu waliuawa, nyumba zilichomwa, mashule yalifungwa, maelfu walivuka mto ama waliingia pori. Tulilala makanisani, kwenye sites za wadeplase, kwa ndugu wa Makiso na Mangobo na Kabondo. Watoto waliobahatika waliandikwa katika shule za ngambo ile. Wengine walikaa mwaka mzima wakibeba maji na kuuza mandazi.

Halafu tulianza kurudi, kidogokidogo. Na hapa ndipo tulipoona kwamba njia ya wazee, ya kurudi kwa ndugu, safari hii imekatika. Ndugu naye alichomewa. Jirani aliyekuwa anamlea mtoto wako kama wake, leo anaogopa kuonekana naye, ama wewe unaogopa kumwachia. Fasi ya mtoto wa shule iliyokuwa ya bure kwa mjomba, sasa inatafutwa kwa pesa, kwa mtu usiyemjua, ambaye anauliza ulikuwa unakaa wapi.

Na kuna jambo lingine lililogongana na hilo. Tangu mwezi wa kenda mwaka wa 2019, Serikali ilitangaza masomo ya msingi ni bure katika shule zake, na watoto wakajaa. Ni jambo jema na hatutaki lirudi nyuma. Lakini karibu na shule yenye jina zuri, kila mzazi anatafuta chumba. Pesa ambayo zamani ilikwenda kwa prime, leo inaombwa kwenye mlango wa nyumba, yote mara moja, mbele ya kuingia.

Jinsi nyumba inavyotafutwa leo

Njia ya kawaida ni komisioneri. Anakuonyesha nyumba, unamlipa kwa kuonyeshwa, hata ukiikataa. Kisha mwenye nyumba anataja garanti. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa haipiti miezi 3. Huku kwetu wapangaji wanaambiwa zaidi ya hapo, na wanakubali kwa sababu masomo yanaanza kesho kutwa. Wakikataa, nyuma yao yuko mwingine na pesa mkononi.

Tulikosea nasi. Mwaka wa kwanza tulilipa garanti ya mama mmoja mwenye watoto wanne, karibu kabisa na shule. Tulimpa mwenye nyumba pesa mbele ya mashahidi, tukashikana mikono, hatukuandika kitu. Mwezi wa 2, katikati ya mwaka wa shule, mwenye nyumba alisema mtoto wake anaoa na anahitaji chumba. Mama alitoka. Garanti hakuirudishiwa, alipewa ahadi. Alikwenda kukaa kwa dada yake kwenye njia ya Opala, na watoto wawili wadogo hawakumaliza mwaka. Hatumlaumu mama yule. Sisi ndio tulioamini kwamba shughuli imekwisha alipoingia ndani.

Mwingine, baba wa watoto watatu, alikataliwa nyumba tano katika kartiye moja. Ya sita alipewa. Tulimuuliza mwenye nyumba ile, mama mzee, kwa nini yeye alikubali. Akasema: "Mjukuu wangu na mtoto wake walikuwa banc moja mbele ya vita. Huyu mtoto alikuwa anamsaidia hesabu." Hakusema neno juu ya kabila, wala juu ya amani. Alikumbuka banc.

Tulifikiri sana juu ya jibu hilo. Mikutano ya amani ni ya lazima, na tulikaa katika mingi. Lakini watoto wa pande mbili wanakutana kila asubuhi fasi moja tu, ndiyo shule. Kama waliorudi wanapanga mbali, kila kabila upande wake, watoto watasoma kila mmoja upande wake, ama hawatasoma kabisa, na baada ya miaka kumi hakutakuwa na bibi wa kukumbuka banc yoyote.

Tunavyofanya sasa

Tunaanza mwezi wa 6, si mwezi wa munane. Bei inapanda jinsi masomo yanavyokaribia.

Tunakwenda kwanza kwa direkta wa shule kuuliza kama kuna nafasi na kama mtoto aliyesoma ngambo ile, ama aliyepoteza bulletin katika moto, anaweza kupokelewa. Nyumba karibu na darasa lililojaa haisaidii.

Tunatembea njia yenyewe kwa miguu pamoja na mtoto, asubuhi, na tukiweza siku ya mvua. Kuna nyumba inayoonekana karibu, kumbe kati yake na shule kuna bonde la maji.

Tunaenda kwa mwenye nyumba watu watatu: mpangaji, memba mmoja Mbole, memba mmoja Lengola. Mwenye nyumba akiuliza lile swali la pili, anaona jibu limesimama mbele yake.

Tunaandika. Karatasi moja kwa mpangaji, moja kwa mwenye nyumba, moja kwa chama: bei, garanti isiyopita miezi 3, na kwamba familia haitolewi mbele ya mwisho wa mwaka wa shule. Tukishindwa kuelewana, tunakwenda pamoja kwenye ofisi ya makao ya komini mbele ya kwenda popote pengine. Na kwa sababu mwenye nyumba wetu mara nyingi ni maskini kama sisi, chama kinamlipa mwezi wa kwanza siku ileile, hatumwambii "ngoja".

Garanti ni ya chama, si ya mpangaji. Familia ikihama inarudi mfukoni kwa ajili ya familia nyingine. Ndiyo maana tunawaambia wafadhili kwamba pesa hii haiishi kama bashi inavyoisha kwa jua. Bashi moja inafunika familia moja msimu mmoja. Garanti moja ikichungwa inapita nyumba kwa nyumba.

Kwa memba: aliye na chumba karibu na shule, hata kidogo, aje atuambie mbele ya kumwambia komisioneri. Aliyepewa garanti zamani na akahama, airudishe, tunaandika risiti. Kwa wafadhili: tunayoomba si makubwa, lakini tunayaomba yafike mbele ya mwezi wa 7.

Wazee wetu walirudi mwaka wa 1964 na wa 1967 wakafunguliwa mlango na ndugu. Sisi tumerudi, ndugu wengine hawapo, wengine wanaogopa bado. Mlango lazima ufunguliwe vilevile, na watoto wanahesabu siku.